Kwenda Uani

Wasiwasi wangu mimi ni mdogo, wa kuhesabika:
kamba za viatu, ambazo Nvard huzifunga
kama mtu anayefunga mzigo wa kuni;
jibini ya chumvi ndani ya mkate mwembamba,
ambayo ataibadilisha kwa peremende, najua,
kabla kengele ya pili haijalia;
na choo, maana anaona haya kuomba ruhusa,
hujibana hadi machozi yamtoke.

Hrant hana habari na viatu.
Wiki nzima hii ya mwisho wa Agosti
amekwenda shuleni peke yake, jioni,
na nyundo ndogo mfukoni.
Anagonga nguzo. Anatega sikio.
Anagonga tena, kama daktari kifuani mwa mgonjwa
asiyetaka kusema panapomuuma.
Mlinzi, mzee Sedrak, siku ya kwanza alimtazama tu,
ya pili akamletea kiti,
ya tatu akamshikia tochi.
Hawakuulizana kitu. Hapa Gyumri
watu wa umri fulani hawaulizani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta,
hilo kila mtu analijua.
Mume wangu anataka kujua zaidi:
nani aliuziba, mwaka gani,
na ile saruji ilikuwa saruji
au mchanga uliokopa jina.

Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata,
ndani ya kontena la bati
ambalo upepo ukilitikisa, linatikisika,
basi. Ukilala humo utotoni
huwezi kuwa na kinyongo na dari.

Yeye alikuwa na miaka saba.
Desemba, saa tano na dakika arobaini na moja,
somo la hesabu.
Alikuwa amenyoosha mkono,
ameomba kwenda uani.
Siku zile choo kilikuwa uani kweli,
ng'ambo ya theluji, mlango wa mbao, kitasa cha waya.
Hadithi yake huishia hapo, kwenye kitasa.
Miaka kumi ya ndoa, sijawahi kuisikia ikivuka hapo.

Kwa hiyo usiku, baada ya chakula,
jikoni kwetu huwa darasa.
Hrant anasimama mbele ya friji, ndiye mwalimu.
Nvard ananyoosha mkono.
“Naomba kwenda uani.”
“Sijasikia.”
“Naomba kwenda uani!”
“Na nikikukatalia?”
“Naomba tena.”
“Na nikikukatalia tena?”
Mtoto anacheka, anadhani ni mchezo,
anakimbia kuzunguka meza, mkono bado juu.
Mimi naosha sahani ileile mara tatu.

Tarehe moja Septemba tulimpeleka,
utepe mweupe kichwani umemzidi kichwa,
maua ya gladiola yamemzidi kimo.
Alikuwa ameagizwa achague kiti cha karibu na mlango.
Alichagua cha dirishani. Kulikuwa na njiwa.
Wazazi wengine walipiga picha, wakaondoka.
Sisi tukabaki kwenye uzio, tukijifanya
tunasubiri mtu.

Saa ikasogea. Hrant aliitazama,
akaacha kuitazama, akaitazama.
Ilikuwa haijatimu saa tano
mlango wa nyuma ulipofunguka
na mtu mdogo akatoka uani, peke yake,
kamba moja ya kiatu inaburuta vumbi.
Aliomba, nikawaza. Ameweza kuomba.
Aliingia chooni, akatoka,
akatikisa mikono yenye maji,
akaiona kamba, akainama,
akaifunga kama mzigo wa kuni.
Hakutuona. Kulikuwa na njiwa.
Kisha akasukuma mlango kwa bega
na jengo lile la mawe meusi likampokea.

“Amerudi ndani,” alisema Hrant.
Nikasubiri. Vidole vyake vilikuwa vimeshika waya wa uzio.
“Amerudi ndani,” akasema tena,
taratibu, kama mtoto anayesoma kwa silabi
neno ambalo hajafundishwa.